Kuwazuia Kindi Nyumbani na Shambani Bila Bunduki ya Hewa

Mwenye bustani anapokuta maparachichi yake yametafunwa ubavuni, au anapoona vishimo vidogo vimefuatana kwenye mistari ya mahindi aliyoyapanda wiki hiyo hiyo, hutamani kumwondoa kindi upesi iwezekanavyo. Siku hizi akitafuta msaada kwenye simu, jibu linalomtangulia ni bunduki ya hewa: anunue ya kipenyo kipi, aweke punje za umbo gani, alenge kutoka umbali gani. Nitaanza na jibu hilo, kwa kuwa linaulizwa sana na linastahili kupimwa kwa haki. Baada ya hapo nitaeleza njia ninayoiona kuwa ndiyo inayofaa kwa mtu anayeishi Nakuru, Kisumu au kaunti za magharibi, ambayo ni kumfungia kindi njia na kumwondolea kile kinachomvuta. Ina kazi nyingi mwanzoni, lakini ikishafanywa vizuri hudumu misimu mingi.

Bunduki ya hewa

Bunduki hii husukuma punje ndogo ya madini ya risasi kwa nguvu ya hewa iliyobanwa, ama kwa springi, ama kwa mtungi uliojazwa hewa kabla ya kutumiwa. Punje zinazotumiwa zaidi duniani ni za milimita 4.5 na za milimita 5.5. Ile ndogo ina uzito wa karibu nusu gramu, huruka kwa kasi zaidi na kwa mstari ulionyooka zaidi. Ile kubwa hufikia gramu moja hivi na hupiga kwa uzito, na ndiyo ambayo wengi wanaowapiga kindi huko Uingereza na Marekani huipendelea, hasa yenye kichwa cha mviringo, kwa sababu huifikia shabaha kwa uhakika kuliko zenye ncha kali. Maelezo hayo ni sahihi kwa mahali yalipoandikiwa. Katika England na Wales mtu mzima anaweza kuwa na bunduki ya hewa ya nguvu isiyozidi jouli 16 hivi bila cheti cha silaha, na kindi wa kijivu anayelengwa huko ni mgeni aliyeletwa kutoka Amerika Kaskazini katika karne ya 19, akaongezeka hadi akamsukuma pembeni kindi mwekundu ambaye ndiye mwenyeji.

Hapa kwetu mambo hayo mawili yamegeuka. Bunduki ya hewa huhesabiwa miongoni mwa silaha zinazosimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na anayetaka kuwa nayo hana budi kupata kibali cha Bodi ya Leseni za Silaha kwanza, si baada ya kuiagiza na kuipokea. Kindi wetu naye ni mnyamapori mwenyeji. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mwenye shamba kumuua mnyama wa porini kwa kuwa tu amekula matunda yake. Kwa hiyo hata mtu mwenye kibali halali cha bunduki ya hewa, alichokipata kwa ajili ya mchezo wa kulenga shabaha, hajapata kwa kibali hicho ruhusa ya kumpiga kindi. Hiyo ni idhini ya pili, na mwenye kuitoa ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS.

Tuseme hata sheria isingekuwapo. Ploti nyingi za Kiamunyi au Lanet, mitaa ya Nakuru, ni za futi 50 kwa futi 100, yaani mita 15 kwa mita 30 hivi, na ndani ya eneo hilo mna nyumba, tangi la maji, banda la kuku na njia ya majirani nyuma ya ua. Punje inayoelekezwa juu kwenye matawi, ikimkosa kindi, inaweza kwenda zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka. Ikigonga mawe ya ukuta au ukingo wa bati hurudi kwa upande usiotarajiwa, na jicho la mtoto halihitaji nguvu kubwa ili liharibike. Kindi aliyejeruhiwa hukimbilia shimo la mti na kufia humo kwa maumivu ya siku kadhaa, na mwewe anayemwokota humeza madini ya risasi pamoja na nyama. Isitoshe, nafasi ya kindi aliyekufa huchukuliwa na mwingine anayetafuta eneo, maana mti wenye matunda bado upo na tawi linalofika kwenye paa bado halijakatwa. Hoja hii ya mwisho ndiyo inayoniridhisha kuliko zote, kwa sababu ingebaki kuwa kweli hata kama bunduki ingekuwa halali, salama na ya bei rahisi.

Kumtambua mharibifu

Kabla ya kununua hata mita moja ya waya, hakikisha kwamba mharibifu ni kindi. Kindi hutembea mchana. Huamka jua likishapasha matawi, hufanya kazi zaidi asubuhi na alasiri, na giza likiingia huwa amelala. Sauti za kukimbia juu ya dari usiku wa manane mara nyingi ni za panya, na panya wa nyumbani ana mitego yake ya kawaida inayouzwa katika kila duka la vifaa. Tofauti hii ina uzito kisheria pia, maana yale unayoruhusiwa kumfanyia panya wa dari huruhusiwi kumfanyia mnyamapori.

Katika bustani za Nakuru kindi wa mtini ni mdogo, mwenye rangi ya kahawia iliyochanganyika na njano, na mkia uliojaa manyoya. Wanaoishi pembezoni mwa Msitu wa Kakamega wanaweza kumwona pia kindi mkubwa wa msituni, ambaye hukaa juu kabisa ya miti na huonekana kwa nadra kwenye mashamba. Kindi wa ardhini ni mwingine kabisa: ni mkubwa kuliko yule wa bustanini, ana nywele ngumu na mstari mweupe ubavuni, husimama kwa miguu ya nyuma ili kuchungulia, na hulala katika mashimo yaliyo chini ya vichaka au kando ya vichuguu. Wa mtini ndiye wa matunda na dari. Wa ardhini ndiye wa mbegu za mahindi.

Alama zinazobaki nazo husema. Kindi hufukua kishimo kidogo mahali hasa pa mbegu, akala mbegu na kuacha chipukizi limelala kando, likiwa bado na rangi ya kijani. Kanga na kwale huparuza eneo pana zaidi na kung'oa miche. Kiwavi mkataji huangusha mche kwa kuukata sawa na udongo, na ukichimba kidogo asubuhi utamkuta amejikunja hapo hapo. Fuko huvuta mmea kutoka chini na kuacha marundo ya udongo mpya. Nungunungu huja usiku, mahindi yakiwa yameshakomaa. Kwenye matunda, popo humung'unya na kutema makapi chini ya mti wakati wa usiku, kuzumburu hudonoa matundu yenye kingo zilizochanika, ilhali kindi huacha mikwaruzo ya meno mawili mawili na mara nyingi hulibeba tunda hadi kwenye tawi analopenda kulia, ambapo chini yake utayakuta maganda mengi mahali pamoja.

Dari na paa

Nyumba ya mabati huingiliwa mahali pale pale kila mara: chini ya mawimbi ya bati yanapokutana na ukuta, kwenye kona ambako feshabodi, yaani ubao wa ukingo wa paa, imeoza, na pale bomba au waya wa umeme unapopenya. Tundu lenye upana wa sentimita 4 linamtosha kindi mdogo. Uharibifu wa sufi na mbao unavumilika, lakini meno ya kindi hukua maisha yake yote na ni lazima ayanoe, na mpira unaofunika nyaya za umeme ni laini kwa kunolea. Nyaya zilizobaki uchi juu ya dari ya mbao zinaweza kuwasha nyumba. Kwa hiyo yeyote anayepanda darini kukagua azime swichi kuu kwanza, afunge kitambaa puani kwa sababu ya vumbi la kinyesi, na akiona waya uliotafunwa amwite fundi wa umeme kabla ya kuurudisha umeme.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuziba tundu mnyama akiwa ndani. Akifungiwa, ataharibu zaidi akitafuta pa kutokea, au atafia humo. Chukua gazeti, likunjekunje na ulijaze kwenye kila tundu unalolishuku, kisha uangalie baada ya siku mbili: gazeti lililosukumwa au kuchanwa linaonyesha mlango unaotumika, na mengine yanaweza kuzibwa mara moja. Kwenye mlango ule unaotumika, ning'iniza kipande cha waya wenye matundu madogo, kikiwa kimefungwa upande wa juu tu na kuachwa huru chini, ili kindi aweze kukisukuma akitoka lakini asiweze kukivuta akirudi. Ukiache kwa siku tatu au nne, usikilize asubuhi na alasiri, na kukiwa kimya ndipo uzibe moja kwa moja.

Lakini kama umeona kiota chenye watoto, au unasikia vilio vyembamba mama akiwa nje, usiweke kizuizi hicho bado. Mama aliyetengwa na watoto hutafuna mbao na kukwaruza bati akitafuta njia ya kuingia, na watoto watakufa na kuoza juu ya chumba unacholala. Vumilia wiki chache hadi watoto waanze kutoka wenyewe, halafu ufanye kazi yote kwa siku moja.

Kwa kuzibia, waya ambao mafundi huuita kofi-trei, ule wa mraba wenye matundu ya nusu inchi, ndio bora. Ukunje uingie ndani ya mawimbi ya bati na uukaze kwa misumari kwenye mbao. Wavu wa kuku unafaa kwa matundu makubwa tu, kwa sababu kindi mchanga na panya hupita ndani yake. Povu la kuziba nyufa na vitambaa vya zamani visitumike peke yake, maana vinatafunwa upesi. Matundu ya mabomba yajazwe nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha yafunikwe kwa saruji. Feshabodi iliyooza ibadilishwe yote badala ya kubandikwa kiraka.

Kisha nenda nje uangalie amefikaje juu. Karibu kila mara utakuta tawi. Kata matawi yote yaliyo ndani ya mita mbili na nusu kutoka kwenye paa, na uhamishe kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kutoka mtini hadi kwenye mwamba wa paa, kwa sababu kamba hiyo ni njia kamili. Matawi yanayogusa au kukaribia nyaya za umeme za barabarani usiyaguse. Waite watu wa Kenya Power.

Miti ya matunda

Mti uliosimama peke yake unaweza kulindwa karibu kikamilifu kwa mkanda wa bati. Tafuta bati laini, lisilo na mawimbi, la geji 28 au 30, lenye upana wa sentimita 60, ulizungushe kwenye shina kuanzia kimo cha mita moja na nusu hivi kutoka ardhini, ili kindi asiweze kulirukia kutoka chini. Ncha zake zipandane kwa sentimita 10 au zaidi. Usilipigilie misumari kwenye gome. Lifunge kwa waya wenye springi mbili ndogo, au kwa waya utakaoulegeza kila baada ya miezi sita, kwa kuwa mti unanenepa na mkanda uliokaza utaukaba. Kucha za kindi hazishiki kwenye bati laini. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa na wazee waliojenga maghala ya nafaka juu ya miguu na kuivika miguu hiyo vikinga vya bati dhidi ya panya, na ghala lako kama lina miguu lifanyie vivyo hivyo.

Mkanda huo hauna faida yoyote endapo tawi la mti wa jirani linafika. Kabla ya kulinunua bati, simama chini ya mti na uangalie juu pande zote nne: kila mahali ambapo matawi yanakaribiana kwa chini ya mita mbili na nusu ni daraja. Ikiwa majani yameshikana kwenye bustani nzima, kama ilivyo katika boma nyingi za Vihiga na Kisii ambako miti imepandwa kwa kubanana kwa sababu ardhi ni ndogo, acha mikanda na ugeukie matunda yenyewe.

Hapa parachichi linatusaidia, kwa sababu haliivi likiwa mtini. Linakomaa mtini likiwa gumu, na kulainika huanza baada ya kuchumwa. Anayengoja lijiangushie amempa kindi majuma kadhaa ya bure. Chuma moja kubwa, uliweke ndani kwa siku saba hadi kumi. Likilainika sawasawa bila kunywea wala kujikunja ganda, mengine ya ukubwa huo yako tayari kuchumwa. Embe nalo linaweza kuchumwa likiwa limekomaa na bado kijani, mabega yake yakiwa yamejaa, likaivia ndani. Mapera na pasheni hayana uvumilivu huo, kwa hiyo yavishwe mifuko ya karatasi ya kaki yakiwa machanga, ifungwe kwenye kikonyo na kuachwa nafasi ya hewa upande wa chini. Mifuko ya plastiki huozesha tunda, na tena imepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2017.

Matunda yaliyoanguka yaokotwe kila jioni bila kukosa. Nayasema haya kwa mkazo kwa sababu ndiyo kazi inayodharauliwa kuliko zote: kindi hujifunza bustani kupitia kile kilichoanguka, na mizoga ya matunda huwaita pia nzi wa matunda ambao hasara yao kwa maembe ni kubwa kuliko ya kindi.

Maji ya pilipili yaliyochanganywa na sabuni huwakera kindi, lakini mvua moja ya alasiri ya Kisumu huyaosha yote, na mtu atachoka kunyunyiza kabla kindi hajachoka kusubiri. Yatumie kwenye miche michache iliyo karibu na mlango, usiyategemee kwa mti mzima.

Mbegu za mahindi

Hasara kubwa zaidi iko hapa, na inatokea katika kipindi kifupi. Kindi wa ardhini hafuati majani; anafuata wanga ulio ndani ya mbegu. Kuanzia siku ya kupanda hadi mche unapokuwa na majani matatu hivi, bado kuna chakula chini ya udongo. Baada ya hapo mbegu imeisha na kindi hana tena sababu ya kufukua. Kwenye joto la ukanda wa ziwa mahindi huota katika siku tano au sita, ilhali kwenye baridi ya Njoro au Molo yanaweza kuchukua siku kumi au zaidi, na kwa hiyo mkulima wa nyanda za juu ana siku nyingi zaidi za kulinda. Chochote kinachofupisha muda huo ni ulinzi.

La kwanza, basi, ni wakati. Wanaopanda kwenye vumbi kabla mvua haijaanza huziacha mbegu zikae ardhini bila kuota, na kila siku ya kungoja ni siku ya kufukuliwa. Palipo na kindi wengi, ni afadhali kungoja mvua ishike ndipo upande, na ni afadhali zaidi kukubaliana na majirani mpande wiki moja, kwa sababu shamba lililopandwa peke yake, liwe la mapema au la kuchelewa, hubeba mzigo wa kijiji kizima. Panda kwa kina cha sentimita 5, ukanyage udongo kidogo ukaze, na usiache punje hata moja juu ya ardhi. Mbegu zilizodondoka kwenye mwisho wa mstari ndizo zinazomwonyesha kindi kwamba kuna nyingine chini.

La pili ni mipaka. Kindi wa ardhini hapendi kwenda mbali na maficho yake kwa hofu ya mwewe, ndiyo maana mistari ya pembeni huharibika kuliko ya katikati. Fyeka vichaka na uondoe marundo ya mawe katika ukanda wa mita 10 kuzunguka shamba, wiki mbili kabla ya kupanda, ili ajizoeshe kupaona pale kuwa pa hatari. Ua wa michongoma upunguzwe chini pasiwe na pango. Pale mpaka ulipojaa tithonia, ile yenye maua ya njano iliyoenea kando za barabara za Kakamega, Vihiga na Maseno, kata majani yake na matawi laini uyafukie shambani, kwa kuwa ni mbolea nzuri ya kijani. Umeondoa maficho na umeilisha ardhi kwa kazi moja.

La tatu ni macho. Kwa kuwa kindi halali mchana wala haji usiku, mlinzi hahitaji kukesha. Anayepita shambani jua likishachomoza vizuri, na tena alasiri kuanzia saa tisa hadi karibu na machweo, akiwa na mbwa, atazuia sehemu kubwa ya uharibifu. Mbwa aliyefungwa kwa kamba ndefu karibu na mpaka wenye kichaka hufanya kazi hiyo vizuri, ila awe na kivuli na maji.

Kwenye shamba la jikoni la mistari michache, unaweza kuifunika mistari yenyewe. Kata kofi-trei vipande vya upana wa sentimita 40, uvikunje viwe kama handaki juu ya mstari, ufukie kingo zake kwa sentimita 5 na uzibe ncha zote mbili. Majani yakianza kugusa waya, uuondoe na kuuhifadhi kwa msimu ujao. Ukitunzwa kavu utakaa miaka. Asiye na fedha za waya atandike matawi ya miiba yaliyosongamana, ambayo hayazuii kila mara lakini humchelewesha kindi mpaka achague shamba jingine.

La nne, jiandae kuziba mapengo. Shamba lililopandwa kwa sentimita 75 kwa 25 lina karibu mimea 21,000 kwa ekari, na mapengo ya pembeni yakiachwa hugeuka kuwa magugu. Watu wengine huroweka mbegu ili ziote upesi zinapopandwa upya. Mbegu za dukani zisirowekwe, kwa sababu zimepakwa dawa, na maji hayo ni sumu kwa kuku na kwa watoto. Badala yake, siku ile ile ya kupanda, otesha mbegu za ziada kwenye pakiti za maziwa zilizotobolewa chini, uziweke chini ya waya karibu na nyumba. Baada ya siku 10 hadi 14 hamishia miche hiyo kwenye mapengo pamoja na udongo wake, jioni, ardhi ikiwa na unyevu. Kindi akifukua hapo hatakuta mbegu ya kula.

Yale yasiyofaa kufanywa

Sumu isitegwe. Mahindi yaliyochanganywa na dawa ya wadudu hayamchagui anayeyala, na kaunti hizi zina ushahidi wa kutosha: huko Bunyala, Kaunti ya Busia, dawa aina ya kabofurani imetumiwa kuwaua ndege wa porini kwenye mashamba ya mpunga, na ndege hao wakauzwa kuwa kitoweo. Mbwa, kuku, mwewe na mtoto aliyeokota punje yenye rangi wote wako hatarini. Tanzi za waya ni kosa la kisheria na hunasa paka, mbwa na paa wadogo kabla hazijamnasa kindi. Gundi ya panya ikitandazwa juu ya tawi hunasa ndege, nao hufa polepole. Moshi au petroli ndani ya mashimo ya ardhini huleta moto shambani, na mashimo hayo yana milango zaidi ya mmoja, hivyo mnyama hutokea upande mwingine.

Mtego wa kizimba unaonekana kuwa wa huruma, lakini sheria haiangalii kuua peke yake; kumnasa mnyamapori na kumhamisha pia kunahitaji idhini. Kumwachilia kindi karibu na Menengai au ndani ya Msitu wa Kakamega hakumpi makao, kwa kuwa maeneo hayo yana kindi wenye mipaka yao, na mgeni asiyejua maji wala maficho haishi muda mrefu. Yeyote atakayemshika kwa mkono akaumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Inapobidi kuwaita KWS

Mahali ambapo njia zimezibwa, mipaka imefyekwa na bado mbegu zinafukuliwa kila msimu, peleka taarifa kwa KWS. Mkazi wa Nakuru anaweza kuanzia kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, wa Kisumu kwenye Hifadhi ya Impala, na wa Kakamega kwenye Hifadhi ya Msitu wa Kakamega. Kindi hayumo katika orodha ya wanyama ambao uharibifu wao hulipiwa fidia, kwa hiyo usiende ukitarajia malipo. Unaenda kuomba ushauri na, ikibidi, idhini ya kuwanasa chini ya usimamizi wao. Ni vizuri kwenda pamoja na majirani wenye tatizo lile lile, na kupitia kwa afisa wa kilimo wa wadi, kwa sababu taarifa ya mashamba mengi huonyesha ukubwa wa jambo kuliko ya mtu mmoja.

Beba picha za vishimo zikiwa na tarehe, idadi ya mashina yaliyopotea kwenye mstari wa pembeni na kwenye mstari wa katikati, na mchoro mdogo wa shamba unaoonyesha mashimo ya kindi yako upande gani. Afisa atakapofika, mtembeze kwanza mahali ulipokwisha kuziba na kufyeka, kisha mahali panapoharibika sasa, ili aone mnyama anapita wapi baada ya kazi yote hiyo.